Takataka Hazina Miguu

Katika toleo la muhula uliopita kijana wetu mmoja wa Kidato cha Tatu aliandika makala juu ya mafuriko ya Bonde la Msimbazi. Aliandika vizuri, kwa Kiswahili safi, wala mimi sina nia ya kumvunja moyo. Lakini alimaliza kwa kusema ya kwamba watu wakaao mabondeni na kandokando ya madampo ni wakaidi. Wameambiwa wahame nao hawataki, na ya kuwa aliyezoea uvundo hausikii tena. Nilisikia wenzangu wawili watatu katika chumba cha walimu wakimsifu kwa maneno hayo. Mimi nafundisha jiografia hapa, mwaka huu ni wa kumi na mbili, nami nimemwomba Mhariri nafasi nimjibu. Simjibu kwa ugomvi. Namjibu kwa sababu wanafunzi wetu wengi hutoka huko huko mabondeni. Waliisoma makala ile, wakanyamaza, wala hawakuwa na ukurasa wa kusema lao.

Neno langu ni hili. Takataka hazina miguu. Wala majitaka, wala moshi wa kiwanda, havifiki katika mtaa fulani kwa bahati. Yuko mtu aliyeketi mezani, akakunjua ramani, akaweka kidole, akasema, "Hapa." Ukitaka kujua kwa nini kidole kilitua hapa wala si pale, usianze kwa kuuliza tabia za watu wa mahali hapo. Uliza kwanza wana nini mfukoni, na kwa habari za zamani uliza pia ngozi yao ilikuwa ya rangi gani.

Tuanze na zamani, kwani ndipo mipaka ilipochorwa. Wazee wetu walituachia maneno matatu ambayo vijana huyatumia kila siku pasipo kuyafikiri: uzunguni, uhindini na uswahilini. Siku hizi mtu akisema fulani amehamia uzunguni, ana maana ya mtaa wenye miti, lami na mitaro iliyofunikwa, hata kama hapana Mzungu hata mmoja. Akisema "mambo ya uswahilini" huwa anacheka. Lakini zamani hayo hayakuwa maneno ya kucheka. Yalikuwa mipaka ya mji.

Wadachi walitoa kanuni ya majengo ya Dar es Salaam mwaka 1891. Upande wa pwani zijengwe nyumba za mawe za namna ya Kizungu. Vibanda vya wenyeji virudi nyuma. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 waliukuta mpango wa kanda tatu, nao katika miaka ya 1920 wakautia nguvu. Kanda ya kwanza ilikuwa ya nyumba za Kizungu, ya pili ya maduka na nyumba za Wahindi, ya tatu ya Waafrika, yaani Kariakoo na mitaa iliyofuata. Kati ya Uhindini na Kariakoo kikaachwa kiwanja kitupu, ndicho Mnazi Mmoja tunakokwenda kwenye sherehe. Nawaombeni mwangalie ujanja wa sheria yenyewe: kwa maandishi haikutaja rangi ya mtu, ilitaja aina ya nyumba. Ukiwa na fedha za kujenga nyumba ya namna ile, basi karibu. Nani alikuwa nazo?

Sababu iliyotolewa ilikuwa afya. Madaktari wa serikali za kikoloni walikuwa wamekwisha kujua ya kwamba mbu ndiye aletaye malaria, wakaona dawa ni kuwaweka Wazungu mbali na wenyeji kiasi ambacho mbu hawezi kuruka. Jirani zetu wa Kenya walipata habari hizo hizo. Mwaka 1902 tauni iliingia katika soko la Wahindi la Nairobi, na soko zima likachomwa moto kwa amri ya daktari. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson alitumwa kuikagua miji ya Afrika Mashariki, naye akashauri mataifa yatengwe, kila taifa na mtaa wake. Sasa mtu aweza kusema, hiyo ndiyo elimu ya zama zile. Mimi nauliza swali la jiografia tu. Kama uchafu ndio uliokuwa adui, mbona mitaro na mabomba yalichimbwa upande ambao maradhi hayakuwa mengi? Walitenga watu, maradhi wakayaacha yalipo.

Mwaka 1949 ukatolewa mpango mpya wa mji wetu, na humo lugha ikabadilika tena. Sasa ilikuwa habari ya mitaa ya watu wachache, ya watu wa kiasi, na ya watu wengi. Uzunguni ikawa ya watu wachache, uswahilini ikawa ya watu wengi. Uhuru ulipokuja mwaka 1961 ubaguzi wa rangi uliondoka katika sheria, na Waafrika wakahamia Oysterbay. Nani? Wenye vyeo. Mipaka ile ilibaki pale pale ardhini. Ila mlinzi wa mlango amebadilika, zamani alitazama uso, sasa anatazama mfuko. Mpaka leo viwanja hupimwa na kugawiwa kwa majina yale yale ya watu wachache na watu wengi, na wengi wetu hatujui yalitoka wapi.

Basi, tuje kwenye takataka. Kisa hiki yafaa kila mwanafunzi wa shule hii akijue, maana ni cha mji wetu, na kimeandikwa katika vitabu vya sheria.

Halmashauri ya Jiji ilikuwa ikimwaga takataka za mji mzima Tabata. Zilikuwa zikichomwa, moshi ukaingia majumbani, nzi wakajaa, watu wakaugua. Mwaka 1988 wakazi walikwenda Mahakama Kuu wakaishitaki Halmashauri. Ulikuwa mwaka mzuri wa kushitaki, kwani haki za binadamu zilizotiwa katika Katiba mwaka 1984 zilianza kutumika mahakamani mwaka huo huo wa 1988. Jaji Lugakingira aliwapa haki wakazi. Aliiambia Halmashauri iache, itafute mahali ambapo hapatamdhuru mtu. Halmashauri ikaomba muda. Muda ukapita, malori yakaendelea kuja. Mwaka 1991 ikarudi tena mahakamani kuomba iongezewe, na hapo Jaji akastaajabu waziwazi kwamba chombo cha umma chaweza kuja mbele ya mahakama, bila haya, kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Akakataa.

Mngedhani mambo yaliishia hapo. Malori yakageuza njia, yakaenda Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko, watu 795 kwa hesabu ya shauri lenyewe, nao wakaenda Mahakama Kuu mwaka huo huo wa 1991. Wakashika ibara ya 14 ya Katiba, ile isemayo kila mtu ana haki ya kuishi, nao pia wakashinda. Malori yakageuka tena. Safari hii yakaenda Vingunguti, kwenye ukingo wa mto Msimbazi. Baadaye Mtoni. Baadaye Pugu Kinyamwezi, ambako yanakwenda mpaka leo.

Mimi nawasifu watu wa Tabata na wa Kunduchi. Walifundisha nchi nzima ya kwamba raia aweza kuishitaki mamlaka akashinda. Lakini tazameni mwendo wa malori. Kila mtaa ulioweza kusema "hapana" kwa sauti ya kisheria uliachwa, na takataka zikatafuta mtaa mwingine. Kwenda mahakamani kwataka wakili, kwataka nauli, kwataka mtu wa kukaa siku nzima nje ya chumba cha karani akisubiri faili. Mwenye hati ya kiwanja huanza hatua moja mbele. Asiye na hati aogopa hata kutaja anapokaa, asije akaambiwa, "Kwani wewe uko pale kwa kibali cha nani?" Na takataka zenyewe hazikupungua hata ndoo moja kwa hukumu zile mbili. Mji haukuulizwa kwa nini unazalisha nyingi hivyo, wala hapana aliyesema kila sehemu ichukue fungu lake. Sijapata kusikia mpango wa dampo la Masaki.

Msomaji wa Vingunguti ananijua nisemayo. Mtaa huo una dampo la zamani ukingoni mwa mto, una mabwawa ya majitaka, una machinjio. Vitu hivyo vitatu ni vya lazima. Mimi nala nyama, naye mwenye nyumba Oysterbay anala nyama, na sote twakwenda chooni. Ila mtaa mmoja umebebeshwa vyote vitatu.

Na mto wenyewe? Msimbazi hushuka kutoka milima ya Pugu, hupita nyuma ya viwanda vya Barabara ya Pugu, siku hizi Barabara ya Nyerere, kisha hupita Vingunguti na Jangwani mpaka baharini kwenye Daraja la Selander. Mwaka 1999 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha vipimo vya mboga zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi. Walikuta ndani yake madini ya sumu, risasi ikiwamo. Mkulima wa mchicha anazama katika maji hayo hadi magotini kila asubuhi, naye ndiye apatavyo zaidi. Lakini mchicha hupakiwa kwenye baiskeli ukaenda popote penye mnunuzi, hata kwenye mageti makubwa. Mchicha haukuisoma sheria ya kanda tatu.

Nilisema nitamjibu kijana wetu juu ya ukaidi. Ni kweli ramani za mji za mwaka 1979 zililitenga bonde lile kuwa mahali pa hatari. Ni kweli pia kwamba mvua za Desemba 2011 ziliua watu zaidi ya 40 katika mji huu, wengi wao mabondeni, na Serikali ikawagawia waathirika viwanja Mabwepande. Ni kweli wengine walirudi. Mimi simkatalii hayo. Nataka afanye hesabu tu. Mwaka 1957 mji ulikuwa na watu 129,000 hivi. Kwa sensa ya 2022 mkoa una watu zaidi ya 5,380,000. Je, viwanja vilivyopimwa vilikua kwa kiasi hicho? Havikukua. Ndiyo maana wakazi wengi wa mji wamejenga mahali pasipopimwa, na maskini wa mwisho kufika hupata pale ambapo wengine wote wamepakataa. Mama auzaye samaki Kariakoo, ukimpeleka Mabwepande, atalipa nauli ya kwenda na kurudi kabla hajauza samaki wa kwanza, na watoto ataawacha usiku awakute usiku. Basi anapima: mafuriko labda yatakuja mwaka huu labda hayatakuja, lakini njaa ya kesho haina labda. Mtu anayepima hivyo si mkaidi. Anajua hesabu kuliko sisi.

Tena sikilizeni hili. Desemba 2015 nyumba za bondeni zilitiwa alama ya X kwa rangi nyekundu, kisha zikabomolewa, wenyewe wakilia barabarani, wakiambiwa hapa si mahali pa kukaa binadamu. Mwezi Mei 2016, mabasi ya mwendo wa haraka yalipoanza kazi, karakana yao kuu ilikuwa wapi? Jangwani, pale pale bondeni. Mvua zikaja, maji yakaingia karakanani, mabasi yakaharibika, na jambo hilo limetokea si mara moja. Wahandisi walioichagua sehemu hiyo wana shahada, walikuwa na ramani zote na fedha za kuchagua mahali pengine. Hapana aliyeandika katika gazeti la shule yetu ya kwamba wahandisi ni wakaidi.

Sasa uko mradi mkubwa wa kulitengeneza bonde, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200 uliokubaliwa mwaka 2022. Utajenga daraja jipya la Jangwani, na wakazi wamekuwa wakilipwa fidia ili wahame. Ni jambo jema na nauombea mafanikio. Bonde likishakuwa bustani nzuri penye upepo, tutaangalia ni akina nani watakaopewa ruhusa ya kukaa karibu nayo.

Labda mtu atadhani haya ni maradhi ya nchi maskini. Hasha. Katika mji wa Houston, huko Marekani, kampuni moja ilitaka kuweka dampo katika mtaa uitwao Northwood Manor. Wakazi wengi walikuwa Weusi, wakaenda mahakamani mwaka 1979. Wakili wao, Linda McKeever Bullard, alimwomba mume wake Robert Bullard, mwalimu wa chuo na mtaalamu wa elimu ya jamii, ahesabu madampo yote ya mji tangu zamani. Yeye na wanafunzi wake wakayahesabu. Madampo matano ya Halmashauri ya Houston, yote matano, yalikuwa katika mitaa ya Weusi. Na matanuru ya kuchomea takataka yalikuwa manane, sita yakawa huko huko. Weusi walikuwa kama robo tu ya watu wa mji. Pamoja na ushahidi huo, mahakama haikulizuia dampo, nalo likajengwa.

Kuna funzo la kipekee katika kisa cha Houston, nami naomba msilipite haraka. Watu wa Northwood Manor hawakuwa maskini wa vibandani. Walikuwa na nyumba zao, na kazi zao. Mfuko walikuwa nao, na bado dampo lilikuja, maana huko rangi ilitangulia mfuko. Mwaka 1987 kanisa moja la Marekani, United Church of Christ, lilitoa taarifa iliyopima nchi nzima, ikaonekana ya kuwa ukitaka kubashiri mahali palipowekwa taka za sumu, rangi ya wakazi itakuongoza vizuri kuliko hata kipato chao. Mwaka 1994 Rais Clinton alitia sahihi amri kwamba idara zote za serikali yake ziutazame uonevu huo. Amri hiyo ilidumu miaka zaidi ya 30. Januari 2025 Rais Trump aliifuta.

Na hapa jirani, Mombasa, kipo kisa cha Owino Uhuru, mtaa wa watu kama 3,000. Mwaka 2007 kiwanda kilianza kazi ukutani mwao, kikiyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi. Moshi ukashuka juu ya mabati, maji machafu yakapita uchochoroni wachezapo watoto. Phyllis Omido aliajiriwa humo, akiwa na mtoto mchanga. Mtoto akaugua, akapimwa, ikaonekana risasi imo katika damu yake. Mama huyo aliacha kazi akaanza kupiga mbio maofisini. Alikamatwa, akatishwa, hakuacha. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaiondoa hukumu hiyo, Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Miaka kumi kamili tangu kiwanda kufungwa, na katika miaka hiyo wapo waliokwisha kufa.

Walimu wenzangu, neno hili la risasi latuhusu sana. Risasi ikiingia katika mwili wa mtoto huharibu ubongo. Mtoto husahau, hukosa utulivu, hushindwa kusoma. Humwoni akiwa mgonjwa kitandani, wamwona darasani. Sisi twamwita mzito, twaandika katika ripoti "aongeze bidii," na mzazi akiisoma anachukua fimbo. Sisemi kwamba kila mtoto aliye nyuma ana sumu mwilini. Nasema kwamba kabla ya kumhukumu mtoto yafaa kujua anakaa wapi, anavuta hewa gani, na maji ya kwao yanapita nyuma ya nini.

Yafaa pia tujue njia yake ya kuja shuleni. Katika masika, wanafunzi wavukao mto hufika saa mbili na nusu, sare zimelowa hadi kiunoni, na getini hukutana na adhabu ya wachelewaji. Wale waletwao kwa gari la baba hufika saa moja, wakavu. Kisha mwisho wa mwaka twatoa zawadi ya kuwahi. Nimeiangalia orodha ya waliopata zawadi hiyo kwa miaka sita; hapana hata mmoja atokaye ng'ambo ya mto.

Sasa niingie nyumbani kabisa, ndani ya ua wetu wenyewe.

Shule hii ina shimo la kuchomea takataka. Zamani lilikuwa karibu na ofisi ya walimu. Hayo yalikuwa kabla sijafika, lakini yameandikwa katika daftari la kumbukumbu za vikao. Walimu walilalamika juu ya moshi, kikao kikakaa, kikakubali malalamiko yao kuwa ya haki, na shimo likahamishwa ndani ya wiki mbili. Likahamishiwa wapi? Nyuma ya nyumba za wapishi na mlinzi. Nimepima kwa hatua zangu: ni hatua thelathini na moja kutoka shimoni mpaka dirisha la kwanza. Nyumba hizo ziko upande wa kaskazini wa shimo, hivyo tangu Aprili mpaka Septemba, upepo wa kusi uvumapo, moshi wote huingia ndani kwao. Humo wamo watoto tisa. Katika daftari hilo hilo nimetafuta mahali paandikwapo ya kuwa wapishi waliulizwa. Sikupaona.

Hapo hapana mkoloni, wala kampuni, wala Halmashauri. Ni sisi, watu wema, tuliosoma, tunaofundisha uraia kipindi cha pili na cha tatu. Wala hapana aliyekuwa na chuki na wapishi. Walimu walikuwa na kikao na wapishi hawakuwa nacho, basi.

Nimemwandikia Mkuu wa Shule na Bodi barua yenye maombi matatu. La kwanza, kuchoma plastiki kukome kabisa. Mifuko ya plastiki imekatazwa nchini tangu Juni 2019, na chupa zaweza kuuzwa kwa kilo, maana wanunuzi hupita getini kila wiki. Maganda na makombo ya jikoni yaende kwenye bustani ya Klabu ya Kilimo, ambayo sasa inanunua mbolea. Kitakachobaki ni kidogo, nacho kichomwe katika shimo jipya kwenye pembe ya kaskazini-magharibi, nyuma ya uwanja wa mpira, ambako kusi itaupeleka moshi juu ya uwanja mtupu wa jirani usio na nyumba. Nimekwenda kuuangalia mwenyewe, na wakati wa kaskazi tusichome, tungoje.

Ombi la pili ni la wachelewaji: siku ambazo Idara ya Hali ya Hewa imetangaza mvua kubwa, adhabu ya getini isiwepo, na jiko litoe chai ya moto kwa waliolowa.

Ombi la tatu ni kwa vijana wa Kidato cha Tatu, na namwomba mwandishi wa makala ile awe kiongozi wao. Wachukue ramani ya kata yetu na kata tatu za jirani, watie alama kila dampo, kila mtaro wa wazi, kila bomba la kiwanda limwagalo mtoni na kila mahali mafuriko yalipofika. Kisha wawaulize wakazi wamekaa hapo tangu mwaka gani, na kipi kilitangulia, wao au dampo. Nitawapa dira, tepu na karatasi, na gazeti hili limeahidi kurasa mbili.

Mkutano wa wazazi na Bodi utakuwa Jumamosi ya pili baada ya kufungua shule, saa tatu asubuhi, katika bwalo. Barua yangu imo katika ajenda. Nimeomba wapishi na mlinzi waalikwe kwa barua kama wazazi wengine, na habari ya shimo ikifika, wao wawe wa kwanza kusema.